Mmomonyoko wa udongo (Kitale na Bungoma)

Mmomonyoko wa udongo ni kuchukuliwa kwa tabaka la juu la ardhi na maji au upepo. Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, mharibifu mkuu ni mvua, hasa ile ya Aprili na Mei inayokuta mahindi bado machanga na ardhi ikiwa wazi.

Kazi huanza na tone. Likianguka kwa nguvu huvunja mabonge madogo yaliyoshikwa na mboji. Chembe laini huziba vinyweleo vya udongo, na jua likiwaka uso hufanya gamba. Maji yaliyopaswa kuzama hutiririka na mboji, yakiacha mchanga na changarawe. Kinachofichuka ni udongo wa chini, ulioshikamana, wenye nafasi chache za hewa na maji, mgumu kwa mizizi. Ndiyo maana mahindi ya shamba lililomomonyoka hunyauka mapema mvua ikikatika. Mbolea ya dukani huongeza rutuba, lakini hairudishi kina kilichopotea.

Miteremko ya Mlima Elgon huumia kuliko tambarare za Kitale, ingawa huko nako trekta hushindilia tabaka lililo chini ya plau, maji yakashindwa kuzama.

Sehemu ya udongo unaomomonyoka huingia Mto Nzoia na kufika Ziwa Victoria.

Wakulima hujibu kwa fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, na kwa nyasi za nepia kingoni, ambazo ng'ombe nao hawazikatai. Wengine huacha mabua shambani badala ya kuyachoma.