Ulaghai na upotoshaji

Mnunuzi wa biashara akipata hasara, kila kauli ya muuzaji huiita ulaghai. Sheria haikubali. Ulaghai ni kusema uongo kwa kujua. Upotoshaji hutoka hata kinywani mwa anayeamini asemacho. Katika kesi ya Redgrave na Hurd, Uingereza, 1881, wakili aliyeuza nyumba pamoja na ubia katika ofisi yake alidai inaingiza pauni 300 kwa mwaka. Karatasi zilionyesha kama 200. Mnunuzi hakuzikagua, lakini mahakama ilimruhusu kujitoa. Fidia alikosa, kwa kuwa hakudai ulaghai ipasavyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania nayo imeyatenga maneno haya, vifungu vya 17 na 18. Tusiyachanganye.