Utafiti wa maoni na viti vya orodha: hesabu ya Machakos

Kila uchaguzi ukikaribia, sisi Wapwani tunaoishi Machakos hupigiwa simu na jamaa wakituuliza, "Huko Ukambani chama gani kinaongoza?" Wengi wameshasikia redioni matokeo ya utafiti wa maoni, na hudhani chama chenye asilimia kubwa ndicho kitakachovuna viti maalumu. Kwa sheria yetu, sivyo.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 90, inasema viti vya orodha hugawanywa kwa uwakilishi wa uwiano. Ni viti 12 katika Bunge la Taifa, viti 20 vya Seneti (wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili) na viti maalumu vya mabunge ya kaunti. Lakini uwiano huo ni wa viti ambavyo chama kimeshinda. Kura zenyewe hazihesabiwi.

Tuchukue Machakos, yenye wadi 40. Tuseme wamechaguliwa wanaume 36 na wanawake 4. Katiba hairuhusu jinsia moja kupita theluthi mbili, kwa hiyo wataongezwa wanawake 14, wafike 18 kati ya wajumbe 54. Ikiwa chama cha kwanza kilishinda wadi 20, cha pili 12 na cha tatu 8, watapata nafasi 7, 4 na 3. Sasa fikiria chama cha nne kilichopata robo ya kura katika kila wadi bila kuongoza hata moja. Hakina wadi, wala hakipati kiti cha orodha. Utafiti ungekipa asilimia 25, na bungeni kingetoka mikono mitupu.

Wenzetu huhesabu vingine. Tanzania, viti maalumu vya wanawake bungeni hugawanywa kwa kura za vyama vilivyofikisha asilimia 5. Afrika Kusini mwaka 2024, ANC ilipata asilimia 40.18 ya kura na viti 159 kati ya 400. Huko, utafiti wa maoni ukikaribia kura, umekaribia na viti pia.

Tatizo la pili ni idadi ya wanaohojiwa. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 22, na Machakos zaidi ya laki 6, yaani kama asilimia 3. Utafiti wa watu 2,000 nchi nzima huigusa Machakos kwa watu wapatao 60, sawa na mtu mmoja au wawili kwa wadi. Kwa watu 60, kosa la makadirio hufika kama asilimia 13 juu au chini. Hata kitaifa, Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41 siku chache kabla ya Agosti 9. Matokeo rasmi yalikuwa Ruto 50.49, Raila 48.85.

Sheria ya mwaka 2012 humtaka anayetangaza utafiti aseme nani ameulipia, ulifanywa lini, waliohojiwa ni wangapi na kosa la makadirio ni kiasi gani. Pia hukataza kutangaza matokeo yake siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Usiposikia maelezo hayo, usibebe habari hiyo.

Kwa maoni yangu, penye uzito ni kwenye orodha zenyewe. Vyama hupeleka orodha kwa IEBC siku 45 kabla ya uchaguzi, majina yakipishana mwanamke na mwanamume. Aliye juu huingia kwanza. Aliye chini huenda asiingie kabisa, hata chama chake kikishinda. Hapo ndipo mwanamke, kijana, mtu mwenye ulemavu au wa jamii ndogo hupata au hukosa nafasi. Majina yakishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, malalamiko huenda mahakama ya uchaguzi, na muda wa kuyapeleka ni siku 28.

Hesabu ni hii hii Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Kabla ya kuuliza nani anaongoza, uliza chama chako kimemweka nani nambari ya kwanza, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.