Nani Amfungulie Mama Pazia?

Julai iliyopita nilikwenda Njombe kumwona mama. Si unaijua Julai ya Njombe: ukiamka unakuta nyasi nyeupe kwa baridi, maji ya bombani yanauma vidole, na kila anayepita barabarani kajifunga shuka juu ya koti. Nilishuka kwenye basi alfajiri, nikanywa chai stendi, nikafika nyumbani saa tatu asubuhi. Nje jua lilikuwa limeshawaka. Chumbani kwa mama kulikuwa giza. Amekaa kitandani na blanketi mbili, analitazama pazia lililofungwa.

"Kamwene, mama. Mbona umekaa gizani?"

"Kamwene, baba. Namngoja binti arudi sokoni anifungulie."

Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia haupandi juu ya bega. Wa kushoto ndio unaoshika mkongojo. Na pazia lake ni zito, la kitambaa cha tabaka mbili, maana kwa baridi ya huku pazia jepesi ni pambo tu. Kulivuta hadi mwisho kunataka mikono miwili na miguu iliyosimama imara. Kwa hiyo mama yangu, aliyelima mahindi na viazi maisha yake yote na kuamka kabla ya jogoo, alikuwa analisubiri jua mpaka mtu amruhusu kuliona.

Nikalivuta pazia. Mwanga ukaingia, mama akafumba macho, akatabasamu. Ila swali lilibaki nami wiki nzima. Tunaandika historia za vita, za machifu na za reli. Hivi historia ya dirisha imeandikwa na nani? Nani alilitoboa, nani alilifunika, na nani amekuwa akiamka kila siku kulifungua?

Nianze na bibi yangu. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya udongo, miti na mianzi, paa la nyasi, na moto katikati. Dirisha, kwa maelezo yake, lilikuwa tundu la kupitisha kichwa cha mtoto, na usiku walilisokomeza tambara kuukuu. Basi tambara lile, ukitaka, ndilo pazia la kwanza katika ukoo wetu. Moshi ulitoka kupitia nyasi za paa, mwanga uliingia mlangoni. Hata vitendawili vyetu vinakumbuka hivyo. Nyumba yangu haina mlango: yai. Anayetega kitendawili hicho anaipima nyumba kwa mlango wake. Hakuona haja ya kusema kwamba haina dirisha, kwa sababu nyumba isiyo na dirisha haikuwa kitendawili. Neno lenyewe, dirisha, lilitufikia kutoka Uajemi kupitia pwani, likapanda milimani pamoja na misafara, walimu na makarani.

Kule Ulaya wakati huo dirisha lilikuwa jambo la serikali. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na watu wakaziba madirisha yao kwa matofali ili wapunguze deni. Wafaransa nao walikuwa na kodi yao ya milango na madirisha iliyodumu mpaka 1926. Sisi tulipotawaliwa, Wajerumani hawakuhangaika kuhesabu matundu. Kodi yao iliyotangazwa mwaka 1897 ilihesabu nyumba nzima. Yaani mwenzetu wa London alilipia mwanga, babu yetu alilipia kuwa na paa.

Dirisha la kioo lilikuja na wamisionari. Wamisionari wa Berlin walianza kujenga katika nchi ya Wabena mwishoni mwa karne ya 19: Kidugala, Lupembe, Yakobi. Wabenediktini baadaye wakajenga Uwemba. Huko ndiko watu wengi walikoona mara ya kwanza ukuta wa matofali ya kuchoma wenye fremu ya mbao na kioo. Lakini kioo hicho hakikuwa cha amani tu. Septemba 1905, vita vya Majimaji vilipofika nyanda hizi, kituo cha Yakobi kilishambuliwa. Wageni walioleta madirisha makubwa walijikuta wanayaogopa, kwa sababu dirisha linaloonyesha nje linaonyesha na ndani. Ndiyo tabia ya dirisha tangu zamani: huwezi kupata mwanga bila kujianika.

Hapo ndipo pazia linapopata kazi. Na nadhani huku kwetu kazi hiyo iliongezeka sana miaka ya 1970. Operesheni Vijiji iliwatoa watu kwenye miji yao ya ukoo, nyumba moja huku nyingine kule bondeni, ikawapanga kwa mistari kando ya barabara. Kabla ya hapo jirani ili akuone ndani ilibidi atembee. Sasa alikuwa anapita tu. Mama anakumbuka pazia lao la kwanza la kununua: kipande cha kitambaa chenye maua, kilichopitishwa kamba ya katani na kufungwa misumari miwili. "Baba yako alisema ni anasa," aliniambia. "Nikamwambia, basi wewe vaa nguo ukitazamwa na mtaa mzima."

Miaka hiyohiyo, kama kilomita 60 kaskazini ya Njombe, Makambako ilikuwa inageuka kuwa mji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilipita hapo katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Barabara kuu ya kwenda Zambia nayo inapita hapo, na ya kwenda Njombe na Songea inachepukia hapo. Ukilala Makambako karibu na barabara utaelewa pazia kwa namna nyingine. Malori yanapita usiku kucha, taa zake zinafagia ukuta wa chumba kama mtu anakutafuta kwa tochi. Mchana upepo unaleta vumbi. Kaka yangu anaishi huko, anauza mbao, na kwa miaka mingi dirisha lake la chumbani lilikuwa na pazia, juu yake shuka, juu yake blanketi. Tambara la bibi lilikuwa limerudi, ila limenenepa.

Kilichokuwa kinakosekana ni nguvu nyingine isiyo ya mkono wa mtu. Umeme wa Njombe una hadithi yake, na mimi huipenda kwa sababu inaanza na mti. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha Tanganyika Wattle Company, ambayo sisi tunaiita TANWAT, kupanda miwati na kuuza dawa ya kulainisha ngozi inayotoka kwenye maganda yake. Miaka ya 1990 kampuni hiyo ikajenga mtambo wa megawati 2.5 unaochoma kuni na mabaki ya miti, na sehemu ya umeme wake ikaingia mjini kupitia TANESCO. Kuna nyumba Njombe ambazo balbu yake ilikuwa, kwa kweli, ni mti uliochomwa mahali pengine. Baadaye Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi 2007, ukasukuma nguzo mpaka vijiji ambavyo hatukutegemea. Na mwaka 2019 ikazinduliwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, inayopitia Njombe na Madaba. Makambako iliyokuwa njia panda ya reli na barabara ikawa njia panda ya umeme pia.

Sasa nirudi kwa kaka. Mwaka jana alimaliza nyumba yake mpya, madirisha ya aluminiamu na vioo vikubwa, akaweka blaindi za mota. Nilimcheka. Niliona ni mambo ya wenye pesa kushindana, kama mageti yenye simba wa zege. Nikamuuliza kama siku hizi ana mkono uliokatika. Akanijibu, "Mimi sina. Mama je?"

Nikanyamaza.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Blaindi ya kukunja ni kitambaa kilichozungushwa kwenye mrija juu ya dirisha. Ndani ya mrija huo inaingia mota nyembamba, ndefu kama tochi. Inageuza mrija, kitambaa kinapanda au kinashuka. Fundi anaipangia kikomo cha juu na cha chini ili isipitilize. Rimoti inaiamrisha kwa mawimbi ya redio, au saa yake ya ndani inaiamrisha yenyewe. Mota za aina hii zimezagaa Ulaya tangu zamani. Kampuni ya Somfy, kwa mfano, ilianza mwaka 1969 katika mji wa Cluses, Ufaransa, ikitengeneza mota za mapazia ya kivuli na ya madirisha. Kwa hiyo teknolojia hii ina umri sawa na watu wanaokaribia kuwa wazee. Si ajabu kwamba wazee ndio wanaoihitaji zaidi.

Kuna faida ambayo kaka hakuifikiria na mimi nikamwambia: kamba. Blaindi za kawaida zina kamba inayoning'inia, na watoto wadogo wamekuwa wakijinyonga nazo bila watu kujua. Marekani ilibadili kiwango chake cha usalama mwaka 2018, blaindi zinazouzwa tayari dukani zikatakiwa zisiwe na kamba za kuning'inia. Wajukuu wa mama ni watano, na wote wanapenda kuning'inia.

Tukamwekea mama moja, kwenye dirisha la chumbani linalotazama mashariki. Tulichagua ya betri inayochajiwa kama simu, kwa sababu umeme ukikatika pazia lisikatike naye. Chaji moja inakaa miezi kadhaa. Fundi akaipanga ipande saa moja asubuhi na ishuke saa kumi na mbili na nusu jioni. Akatuambia wateja humuuliza kama saa hizo zitabadilishwa kila msimu. London lazima zibadilishwe, maana Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na Juni linazama baada ya saa tatu usiku. Sisi tuko nyuzi tisa tu kusini ya ikweta. Tofauti ya kuchomoza au kuzama kwa jua kwa mwaka mzima haifiki saa nzima. Yaani kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya Ulaya kinapata raha yake kamili Njombe: unakipanga mara moja, basi.

Na baridi? Kioo kinapoteza joto haraka. Kitambaa kikishushwa karibu na kioo kinashikilia hewa tulivu kati yao, na hewa tulivu ni blanketi. Siri ni muda. Ukifungua mapema, jua la mashariki linakupashia chumba bure. Ukifunga jua likizama tu, unaliweka ndani joto ulilopewa. Zamani mama alipoteza vyote viwili: pazia lilifunguliwa saa nne binti akirudi, na lilifungwa saa mbili usiku alipokumbuka. Nitahadharishe tu kwamba blaindi si jiko. Anayewasha jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi bado anacheza na kifo, pazia liwe la mota au la gunia.

Sitaki kudanganya kwamba ni kitu cha kila mtu. Kwa pesa aliyotoa kaka kwa dirisha lile moja, angeshona mapazia ya kawaida ya nyumba nzima na chenji ikabaki. Fundi wa kuitengeneza ikiharibika hayuko kila kona. Na kuna jambo lililonisumbua zaidi: binti anayemsaidia mama. Nilihofu mashine itachukua nafasi yake. Kumbe yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Pazia lilikuwa linamrudisha mbio kutoka sokoni. Sasa anarudi kwa mwendo wake, na akifika wanaongea, badala ya kuanza siku na samahani mama nimechelewa.

Kwenye tamthilia zetu pazia likifunguka mchezo unaanza, na kuna mtu nyuma ya jukwaa anayevuta kamba ambaye hakuna anayempigia makofi. Nyumbani mtu huyo alikuwa mama kwa miaka hamsini. Alivuta kitambaa chenye maua kwenye kamba ya katani, akavuta pazia zito la tabaka mbili, akafungua asubuhi kabla yetu na kufunga usiku baada yetu. Ilipofika zamu yake ya kufunguliwa, sisi wanawe tulikuwa mbali.

Asubuhi ya kwanza niliwahi chumbani kwake kabla ya saa moja ili nishuhudie. Alikuwa ameshaamka, rimoti iko mapajani kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia asihangaike, itapanda yenyewe.

"Najua," akasema. Kisha akabonyeza, dakika tano kabla ya wakati. Kitambaa kikapanda kwa mngurumo mdogo, mwanga ukaanzia miguuni, ukapanda blanketini mpaka usoni kwake.

"Nimetaka kuliwahi jua," akasema.