Taa za kiongozi na sifa ya mazingira: maneno na matendo hupimwaje?

Wakazi wa Buyenzi wamezoea kuhesabu nishati. Mwenye mita ya Cash Power huona vipimo vikipungua kila anapowasha pasi, na anayepikia imbabura anajua gunia la makaa litamfikisha siku ngapi. Ndiyo maana kiongozi anapohimiza watu kupanda miti au kupunguza makaa, swali huja lenyewe: je, nyumbani kwake hali ikoje?

Swali hilo si geni, na limewahi kuulizwa kwa viongozi wa mataifa makubwa.

Nyumba ya Al Gore

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1993 hadi 2001. Mwezi Februari 2007, filamu An Inconvenient Truth, inayoonyesha kampeni yake dhidi ya ongezeko la joto duniani, ilitunukiwa tuzo ya Oscar. Siku iliyofuata, taasisi moja ya sera katika jimbo la Tennessee, yenye msimamo wa kupinga serikali kuingilia uchumi, ilitangaza kuwa nyumba yake mjini Nashville inatumia umeme kupita kiasi.

Shirika la habari la Associated Press lilichunguza ankara zenyewe na kupata kwamba nyumba hiyo ilitumia takriban kilowati-saa 191,000 katika mwaka 2006. Kaya ya kawaida ya Nashville ilikuwa ikitumia 15,600 kwa mwaka. Tofauti ni zaidi ya mara 12.

Kilowati-saa moja ni umeme unaotumiwa na balbu ya wati 10 ikiwaka kwa saa 100. Balbu hiyo ikiwashwa saa tano kila usiku, kwa mwaka mzima hutumia kilowati-saa 18 na kidogo. Kwa hiyo umeme wa nyumba ile moja ungetosha kuwasha balbu zaidi ya 10,000 za namna hiyo kwa mwaka mzima.

Upande wa Gore ulijibu kwamba familia hulipa nyongeza ili kununua umeme unaotokana na vyanzo jadidifu, na kwamba nyumba hiyo ni mahali pa kazi pia. Mwaka huohuo nyumba ilikarabatiwa: ikawekewa paneli za nishati ya jua na mfumo unaotumia joto la ardhini. Hata hivyo wakosoaji hawakunyamaza, kwa kuwa kununua umeme safi hakuondoi swali la kwa nini mtu mmoja ahitaji mwingi kiasi hicho.

Nyumba ya George W. Bush

Wakati huohuo, Rais George W. Bush alikuwa na nyumba huko Crawford, Texas, iliyokamilika mwaka 2001. Ilipozwa na kupashwa joto kwa mabomba yaliyozamishwa ardhini, na maji ya mvua yalikusanywa katika tangi kwa ajili ya kumwagilia bustani. Kwa kipimo cha nyumba, Bush alionekana mhifadhi bora kuliko Gore.

Lakini mwezi Machi 2001 ni serikali ya Bush iliyotangaza kuwa haitauunga mkono Mkataba wa Kyoto wa kupunguza gesi zinazoongeza joto. Nyumba moja huathiri ankara moja, ilhali uamuzi wa serikali hugusa viwanda, magari na mitambo ya nchi nzima. Anayetazama paa la nyumba peke yake aweza kumsifu asiyestahili, na anayetazama hotuba peke yake aweza kudanganyika vilevile.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya, Rais William Ruto alifika katika Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi jijini Nairobi, Septemba 2023, akiendesha mwenyewe gari dogo la umeme. Picha hiyo ilikuwa na msingi, kwani takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Mwezi Mei 2024 alisafiri kwenda Marekani kwa ndege ya kukodi, na Wakenya wengi wakahoji. Hoja yao kuu ilikuwa gharama kwa mlipa kodi, lakini wapo waliokumbusha lile gari dogo.

Nchini Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan amejipambanua kwa kampeni ya nishati safi ya kupikia, yenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Miongoni mwa hatua za mwanzo, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, kama shule na magereza, ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Hapo agizo liligusa majiko ya serikali yenyewe kabla ya jiko la mama wa kawaida.

Inahusu nini Buyenzi?

Nchini Burundi, kaya nyingi hazijaunganishwa na umeme, na sehemu kubwa sana ya nishati ya nyumbani hutokana na kuni na makaa. Mwaka 2018 serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti uitwao Ewe Burundi Urambaye. Miti hiyo ina uhusiano na taa pia: bwawa la Rwegura, lenye mtambo wa megawati 18, hutegemea maji ya msitu wa Kibira. Msitu ukikatwa, udongo huporomoka mtoni na bwawa hujaa tope.

Kwa hiyo wito wa kutunza miti unabaki kuwa wa kweli hata kama anayeutoa ana taa nyingi. Lakini haki nayo ina sehemu yake. Mtu mwenye balbu tatu na jiko moja hana kikubwa cha kupunguza, na akiona wenye vingi hawapunguzi, wito hupoteza nguvu.

Msikilizaji anayetaka kupima kauli ya kiongozi yeyote anaweza kuuliza mambo matatu. Je, ametaja kiasi, au ameonyesha picha tu? Je, sheria na bajeti anazopitisha zinalingana na hotuba yake? Na je, mzigo wa kubadilika unaanzia ofisi za umma na kaya zenye uwezo, au unaanzia kwa anayenunua makaa kwa kipimo kidogo sokoni Ruvumera?