Jina la Homa: Lugha, Sayansi na Utawala kutoka Bagamoyo hadi Kiwangwa



1. Utangulizi

Msafiri atokaye mjini Bagamoyo kuelekea Msata huiacha bahari nyuma yake, hulivuka bonde la Mto Ruvu, na baadaye huingia Kiwangwa, mahali panaposifika kwa mananasi yake. Vitabu vya historia vimeandika mengi kuhusu mji wa Bagamoyo: misafara ya pembe na watumwa, wamisionari, na makao ya kwanza ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Kuhusu Kiwangwa na vijiji vilivyo nyuma ya mwambao vimeandika machache. Hata hivyo, ni katika vijiji vya wilaya hii kwamba sayansi ya tiba imeuliza maswali yake makubwa katika miongo mitatu iliyopita, na imeyauliza kwa Kiswahili.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni kwamba uhusiano kati ya sayansi na utawala katika sehemu hii ya Tanzania hauwezi kueleweka bila kuchunguza lugha. Anayeipa homa jina ndiye anayeamua ipelekwe kwa nani, itibiwe kwa nini, na nani alaumiwe mtoto asipopona.

2. Mwalimu kutoka Dunda

Historia hii haianzii katika maabara. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1887. Miongoni mwa waliosoma hapo walikuwamo maofisa waliotarajiwa kwenda kutawala koloni. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na maandishi ya Mtoro. Ndani yake mna habari za malezi, ndoa, maradhi, uganga na pepo.

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekisoma kitabu hicho kama hazina ya fasihi na utamaduni. Yafaa tukisome pia kama chombo cha utawala, kwa kuwa serikali ya koloni ilihitaji kujua watu wanaishije ili ijue watatawalika vipi. Mwenye ujuzi alikuwa Mwafrika wa Bagamoyo. Mwenye mamlaka juu ya ujuzi huo alikuwa mwingine. Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 1905, Mtoro alipotaka kurejea nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani. Utawala wa koloni ulimzuia kuingia na mkewe, naye akalazimika kurudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha watawala lugha ya nchi alinyimwa ruhusa ya kuishi na familia yake katika nchi ile ile.

3. Degedege na malaria

Baada ya uhuru, dola changa ilijenga vyombo vyake vya kusimamia elimu na utafiti. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kama UTAFITI, kwa sheria ya mwaka 1968. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa mwaka 1979, na sheria ya mwaka 1986 ikaleta Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Chombo cha lugha na chombo cha sayansi vilizaliwa karibu mwaka mmoja, lakini kila kimoja kilikwenda njia yake. Haja ya kuvikutanisha ilionekana wazi Bagamoyo katika miaka ya 1990.

Wakati huo ulifanyika wilayani mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, uliosimamiwa vijijini na kamati za wanakijiji wenyewe. Watafiti wa mradi, miongoni mwao Peter Winch na A. M. Makemba, walitambua kwamba ujumbe wa kitabibu haukuwa ukifika kama ulivyokusudiwa. Mwaka 1996 walichapisha uchunguzi wa majina ya homa yaliyotumika wilayani. Katika lugha ya hospitali neno malaria lilihusu homa nyepesi pamoja na hali za hatari zinazoweza kuua. Kwa wanakijiji wengi, hata hivyo, homa ya malaria ilikuwa maradhi ya kawaida yanayotibika. Mtoto aliyeshikwa na mtukutiko wa mwili na kugeuza macho hakusemwa kuwa ana malaria. Alisemwa kuwa ana degedege.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Dege ni ukubwa wa ndege, na wengi wamelihusisha jina hilo na ndege au pepo apitaye juu ya mtoto. Kwa hiyo jina lenyewe lilikwisha kutaja chanzo, na chanzo kikamtaja tabibu, naye ni mganga. Aidha, ilisadikiwa na wengi kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mzazi aliyechelewa kumfikisha mtoto zahanati hakuwa mzembe wala mjinga. Alifuata mantiki iliyomo katika lugha aliyorithi, ilhali tangazo la kupambana na malaria halikuutaja ugonjwa aliouona mbele yake. Mradi ambao ungehubiri malaria peke yake ungewakosa hasa watoto waliokuwa karibu zaidi na kifo.

Mafunzo ya aina hiyo yaliingia polepole katika sera. Mwaka 2004 serikali ilipoanzisha mpango wa kitaifa wa kuwapunguzia wajawazito bei ya vyandarua, uliitwa Hati Punguzo. Jina hilo ni fupi, linajieleza lenyewe, na halihitaji mkalimani.

4. Chanjo, majaribio na ridhaa

Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Waswisi iliyoanzishwa Ifakara katika miaka ya 1950, ilifungua tawi Bagamoyo katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mwezi Mei 2009 hatua ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianzia huko. Majaribio hayo yaliendelea hadi mwaka 2014, yakahusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Hapa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe.

Tuyatazame maneno aliyokutana nayo mzazi. La kwanza ni chanjo, linalotokana na kitenzi kuchanja, ambacho ni hicho hicho cha kuchanja chale za mganga. Neno hili lilikuwa daraja, kwani wazo la kuingiza dawa kupitia ngozi halikuwa geni. Lakini chanjo za ndui na surua zilikwisha kuwazoesha watu kwamba aliyechanjwa amekingika. Chanjo hii haikuwa hivyo: kwa watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na waliopata dozi nne, ilipunguza matukio ya malaria kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka minne. Kumweleza mzazi kinga iliyo sehemu tu, bila kumvunja moyo wala kumdanganya, ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya takwimu.

La pili ni majaribio, linalochangia mzizi na majaribu, yaani mitihani ya dhiki. Katika mwambao ambako hadithi za mumiani, wanyonya damu za watu, zimesimuliwa tangu enzi za ukoloni, kumwambia mtu kwamba mwanawe atatolewa damu katika majaribio si jambo jepesi. La tatu ni ridhaa. Mtu hutoa ridhaa kwa jambo alilolielewa. Akiweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, ametii tu. Na utii ndio uliotafutwa na utawala uliomzuia Mtoro bandarini.

Matunda yalipatikana. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi mapana ya RTS,S mwezi Oktoba 2021, na mwezi Oktoba 2023 likaidhinisha chanjo ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa vituo vingine. Lakini utoaji wa majaribio wa RTS,S katika huduma za kawaida, ulioanza mwaka 2019, ulipelekwa Malawi, Ghana na Kenya. Watoto wa Tanzania waliochangia ushahidi hawakuwa nchi ya kwanza kuutumia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ana haki ya kuuliza atapona lini, na ajibiwe kwa lugha aliyoulizia.

5. Hitimisho

Kutokana na haya nina mapendekezo mawili. Kwanza, idara zetu za Kiswahili ziwafundishe wanafunzi usimamizi wa sayansi, na watafiti wa tiba, hususan wale wanaokuja kwetu wakiwa wamemaliza shahada ya uzamivu, wafundishwe historia ya maneno watakayoyatumia. Pili, matokeo ya kila utafiti yarudishwe kijijini kwa Kiswahili sanifu na chepesi, yakasomwe mbele ya waliotoa damu na muda wao.

Zaidi ya karne imepita tangu ujuzi wa Bagamoyo uvuke bahari kwenda kuwafaa wengine. Siku mama wa Kiwangwa atakapousoma utafiti uliofanywa juu ya mwanawe, na akamsahihisha mtafiti jina la homa, hapo ndipo tutakaposema kwamba sayansi imetawaliwa na wananchi, badala ya wananchi kutawaliwa kwa sayansi.