Mwezi Mmoja wa Rasimu na Karne Nzima ya Bugarama

Wanaotetea uandishi wa riwaya kwa mwezi mmoja hupenda kumtaja Dostoevsky, na wana haki. Mwaka 1866 mwandishi huyo wa Urusi alikuwa amejifunga kwa mkataba mbaya: asipomkabidhi mchapishaji wake Stellovsky riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapishaji angepata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa chochote. Oktoba ilipoingia akamwajiri binti aliyejua hati mkato, Anna Snitkina, akamtamkia riwaya ya Mcheza Kamari, naye akaiandika, kwa siku 26. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Wanachokiacha ni kwamba tangu 1863 Dostoevsky alikuwa amekwisha kulieleza wazo la riwaya hiyo katika barua kwa rafiki yake Strakhov, na kwamba meza za kamari za Ujerumani alizijua kwa hasara ya mfuko wake mwenyewe. Siku 26 zilimtosha kwa sababu mambo ya kusimulia alikuwa nayo tayari. Ninachodai hapa ni kwamba rasimu ya mwezi mmoja ni kazi ya heshima, ila mwezi wenyewe ni kipande kidogo tu cha kazi hiyo. Na mahali kama Bugarama, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, panalithibitisha jambo hili kuliko miji iliyojaa wachapishaji na maktaba.

Pingamizi la kwanza linajulikana: haraka haraka haina baraka. Lakini ukiitazama historia ya riwaya ya Kiswahili, utakuta sehemu kubwa yake ililelewa na tarehe za mwisho. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha mashindano ya kuandika hadithi, na katika yale ya 1957 hadi 1958 mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Mashindano yana siku ya kufungwa, na mwandishi asiyefika siku hiyo hahesabiwi. Ila Abdulla hakuanza siku mashindano yalipotangazwa. Aliwahi kuwa bwana afya, kazi inayomwingiza mtu katika nyua za wenzake na kumfundisha nani anaishi na nani. Kisha tangu 1948 alikuwa mhariri wa magazeti, mahali ambapo mtu hujifunza kumaliza habari hata kama haijamridhisha. Baadaye magazeti ya Dar es Salaam yakalea riwaya za mfululizo, na waandishi kama Eric Shigongo wakajenga wasomaji wengi kwa sehemu zilizotoka wiki hadi wiki. Mtu anaweza kuzihukumu hadithi hizo apendavyo, lakini hawezi kusema kwamba ukomo wa siku ni desturi ya kigeni kwetu. Baraka inayokosekana katika haraka ni ile ya matayarisho, na matayarisho hayafanywi ndani ya mwezi wa kuandika.

Desturi ya mwezi mmoja kwa umbo lake la sasa ilianza San Francisco mwaka 1999, pale Chris Baty na wenzake, watu 21 kwa jumla, walipokubaliana kuandika kila mmoja riwaya ya maneno 50,000 kwa siku 30. Mwaka uliofuata wakahamia Novemba, na kwa miaka zaidi ya 20 Novemba ikawa mwezi wa waandishi katika nchi nyingi. Maneno 50,000 ni 1,667 kwa siku, hesabu iliyopigwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubeba kiima, wakati na yambwa ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo idadi hiyohiyo kwetu hutoa kitabu kinene zaidi, na mwandishi wa Kiswahili anayejipimia kwa kipimo hicho anajitwisha mzigo usio wake. Na kwa nini Novemba? Katika Rwanda huo ni mwezi wa mvua za vuli, shamba likidai mikono. Kugawa maandishi marefu katika siku 30 ni jambo ambalo Waislamu wa Bugarama, kama wa pwani yote ya Waswahili, wamelijua tangu zamani: msahafu una juzuu 30, na anayesoma juzuu moja kila siku ya Ramadhani huhitimu mwezi unapoandama. Silinganishi kitabu kitukufu na hadithi ya kubuni. Nasema tu kwamba nidhamu ya kufika mwisho wa mwezi bila kuruka siku ipo tayari mtaani, na haina haja ya kuagizwa kutoka California.

Sasa tuitazame Bugarama yenyewe. Ni sehemu ya nyanda ya Imbo, bonde la mto Rusizi unaotoka Ziwa Kivu kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya Rwanda imekaa juu ya mita 1,500. Bugarama iko chini ya mita 1,000, na hakuna ardhi ya nchi hiyo iliyo chini kuliko hii. Hapo joto ni la kweli, mpunga unastawi kwa maji ya mto Rubyiro, na malaria ni adui wa zamani. Kamanyola ya Kongo iko ng'ambo ya Rusizi, Burundi iko ng'ambo ya Ruhwa, na Kiswahili husikika sokoni na msikitini kuliko katika sehemu nyingi za mashamba ya Rwanda. Mwandishi anayejua haya tu ana mandhari, na mandhari haitoshi kujaza siku 30. Kufikia siku ya nane wahusika wake watakuwa wamekwisha kusalimiana na kunywa chai, wasijue la kufanya. Kinachowapa la kufanya ni historia, kwa sababu historia ndiyo inayoeleza nani anamdai nani.

Na historia ya bonde hili ni nzito. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika kaskazini ya Ziwa Tanganyika wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Walirudi bila kuuona mlango wake. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona kwa macho kwamba mto unaingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamekwisha kumwambia Burton jambo hilohilo miaka 13 kabla. Hapo pana sura nzima ya riwaya: watu wanaojua, wanasema, na hawasikilizwi mpaka mgeni aandike. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, kando ya Kivu, na jeshi la mfalme wa Rwanda lilipowashambulia likashindwa kwa bunduki. Wajerumani wakafuata kutoka Usumbura, pamoja na askari na wachuuzi waliozungumza Kiswahili. Kwa miaka kadhaa Wabelgiji na Wajerumani waligombea upande huu, hadi makubaliano ya Brussels ya 1910 yalipoufanya Rusizi kuwa mpaka. Watu waliokuwa wakivuka mto kwenda kuoa, kuuza chumvi au kuzika wakawa, kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbali nao, wavukaji wa mpaka.

Tena, Juni 1964, vita vya waasi wa Simba wa Kongo vilipofika daraja la Kamanyola, Mobutu, mkuu wa jeshi la Kongo wakati huo, alijijengea sifa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaongoza askari kulivuka chini ya risasi. Baadaye kikosi maarufu cha jeshi lake kikaitwa Kamanyola. Mtu wa Bugarama aliyekuwa shambani upande wa pili wa maji aliyasikia mapigano hayo bila kuhitaji redio. Mwaka 1984 kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi jirani na Bugarama, na mishahara ya kila mwezi ikaingia mahali palipohesabu fedha kwa misimu ya mpunga. Badiliko hilo moja linabeba ndoa, madeni, wivu wa ndugu na watoto waliopelekwa shule, kwa hiyo lingetosha kitabu kizima. Ndiyo maana nasema mwandishi wa hapa hana upungufu wa mambo. Ana wingi wake, na wingi usiopangwa humlemea mtu katika wiki ya pili kuliko ukame wa mawazo.

Mfano mzuri wa mpangilio uko Unguja. Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979 alikuwa amechagua jambo moja, mgomo wa makuli wa bandarini wa 1948, akaacha historia nyingine yote ya kisiwa izunguke hapo. Mwandishi wa Bugarama anaweza kuchagua mwaka wa kiwanda, au mwaka wa daraja, au ule wa mpaka, asichukue yote mitatu. Uteuzi huo hufanywa kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu ukifanywa katikati ya mwezi huvunja kila kilichokwisha kuandikwa.

Lipo pingamizi zito zaidi ya haraka. Bugarama haina mpunga na saruji tu; ina 1994. Je, kuna uadilifu gani kuandika kwa saa na kalenda juu ya mahali ambapo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipita? Nalikubali swali hili kwa ukamilifu, na jibu ninaloliona limeonyeshwa Rwanda yenyewe. Mwaka 1998 tamasha la Fest'Africa, likiongozwa na Nocky Djedanoum wa Chad, lilileta kundi la waandishi wa Afrika kukaa nchini kwa takriban miezi miwili, kutembelea maeneo ya mauaji na kuwasikiliza walionusurika. Boubacar Boris Diop wa Senegal alikuwa mmoja wao. Mwaka 1997 alikuwa ametoa riwaya iliyoigusa Rwanda kutoka mbali, na baada ya kufika alikiri hadharani kwamba hakuwa ameelewa. Riwaya yake ya Murambi ilitoka 2000, na 2003 akatoa Doomi Golo kwa Kiwolofu, lugha ya mama yake. Wale waandishi hawakuanza na kurasa. Walianza na masikio, na kurasa zilikuja baadaye kwa kila mmoja kwa kasi yake. Kasi ya kuandika si kosa dhidi ya wafu. Kosa ni kuandika kabla ya kusikiliza.

Na kuhusu Bugarama yapo pia maandishi ya mahakama. Yussuf Munyakazi, mfanyabiashara na mkulima mkubwa wa Bugarama, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha mwaka 2010 kifungo cha miaka 25 kwa mauaji ya kimbari, kutokana na mauaji katika parokia za Shangi na Mibilizi mwishoni mwa Aprili 1994. Rufaa ya 2011 ikathibitisha hukumu. Majaji walimtia hatiani kwa yaliyothibitishwa, na mashtaka mengine, yakiwemo ya Bisesero, wakayaona hayakuthibitishwa. Mwandishi wa riwaya si hakimu, lakini anayebuni juu ya ardhi hii na asome hukumu kama hiyo mstari kwa mstari kabla ya kumpa mhusika wake panga au kumwokoa mwingine. Kuna mambo ambayo ubunifu una ruhusa nayo na mengine hauna, na mpaka huo haugunduliwi saa nne usiku mtu akifukuzia maneno yake 1,667.

Wengine watasema kinyume: anayejitayarisha sana haandiki kamwe. Ni kweli kwamba wapo watu wenye madaftari kumi na hakuna sura moja. Dawa yao ndiyo huo mwezi, na hapo natofautiana na wanaoudharau. Mkulima wa mpunga hukaa na kitalu kwa wiki chache tu. Miche ikikomaa kupita kiasi kabla ya kupandikizwa, mavuno hupungua. Vivyo hivyo historia iliyokusanywa huhitaji siku ya kuhamishwa. Lililopo ni kuchagua siku hiyo kwa kalenda ya hapa. Mpunga wa Rwanda hulimwa misimu miwili kwa mwaka, na kati ya mavuno ya msimu wa pili na mvua za Septemba kuna Agosti, kavu, yenye nafasi. Huo ndio mwezi wa Bugarama.

Linabaki suala la lugha. Wapo wanaoamini kwamba Kiswahili cha Bugarama, kilichochanganyika na Kinyarwanda na cha Wakongo, hakifai kitabu. Lakini Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alipowekwa kizuizini katika gereza la Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni kwa Kikuyu, lugha ambayo riwaya zake za awali hazikuwa zimeandikwa kwayo, na ilichapishwa 1980. Kazi hiyo haikuwa ya mwezi, kwa kuwa alikuwa akiandika na kujenga lugha ya riwaya kwa wakati mmoja. Mwandishi wa Kiswahili anaikuta lugha iliyokwisha kufunzwa na kina Shaaban Robert na Abdulla, na mazungumzo ya wahusika wake yana haki ya kusikika kama yanavyosikika Kamanyola na Ruhwa.

Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Februari 2017. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanza kutolewa 2015, imekwisha kuonyesha kwamba mswada wa Kiswahili usiochapishwa unaweza kupata wasomaji makini. Basi anayekusudia kuandika Bugarama mwezi wa Agosti na aanze Februari: awatafute waliofanya kazi kiwandani tangu 1984 na waliolisikia daraja la Kamanyola mwaka 1964, akae nao wangali hai, aandike majibu yao kwa maneno yao, na asifungue ukurasa wa kwanza mpaka ajue riwaya yake ni ya mwaka upi.