Habari za Choo na Birika katika Majumba ya Pwani

Mkaazi wa Dar es Salaam anayekaa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilokuwa na ua wala mti, akitaka kwenda haja husema kwa adabu kuwa anakwenda uani. Na hapana anayemcheka, kwa sababu neno hilo limekwishausahau ua wenyewe, likabaki kuwa sitara ya ulimi tu. Walakini neno ni shahidi. Latwambia kwamba palikuwa na zama ambazo choo na mahali pa kuogea vilikaa nje, nyuma ya nyumba, katika pembe ya ua, mbali na vyumba vya kulala, na kwamba zama hizo zilidumu muda wa kutosha hata zikaacha alama katika lugha. Watu wengi siku hizi, wanapomwita fundi aje kukimega chumba cha kulala ili wapate kutia humo choo cha kukaa, bomba la mvua na marumaru mpaka darini, kisha wakakiita chumba masta, hudhani kuwa wanaingiza nyumbani jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Kumbe wazee wa pwani, au angalau wale waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe, walikuwa na choo ndani ya nyumba, tena ndani kabisa, karne nyingi kabla ya bomba la kwanza kutandazwa katika mji wowote wa Afrika ya Mashariki.

Anayezuru magofu ya Gede karibu na Malindi, mji uliostawi sana katika karne ya 15 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17, atayaona hayo kwa macho yake. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua mahali hapo mwaka 1948, alifukua nyumba moja baada ya nyingine, na katika nyumba hizo akakuta vyoo vyenye mashimo marefu yaliyojengewa mawe, na kando yake pahala pa kustanjia. Kilwa nako, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mapema katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, liko birika la kuogea lenye pembe nane, linaloitazama bahari. Lakini lile ni birika la mfalme, nami silitaji ila kwa kulipa heshima yake, maana ninachokitafuta ni desturi ya watu wa nyumbani.

Desturi hiyo inafahamika vizuri zaidi Lamu, kwa kuwa majumba yake ya karne ya 18 hayakuwa magofu, bali yanakaliwa mpaka leo. Mtu huingia kwa daka, yaani baraza ya mlangoni, akapita tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, akafika kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kisha huja msana wa tini, yaani chumba kirefu cha chini, kisha msana wa yuu, yaani cha juu, kisha ndani, chumba chenye zidaka ukutani na giza la baridi, ambacho mgeni wa kiume hakanyagi. Kila hatua hupungua mwanga na huzidi faragha. Na huko mwisho, penye faragha kuliko kote, ndiko kulikojengwa choo cha watu wa nyumba, na aghalabu kingine kilifanywa karibu na kiwanda kwa ajili ya wageni. Wala hapana ajabu kwamba chumba chenye hishima kubwa kilikuwa jirani ya choo, kwani ndani ndimo mwanamke alimozaa, na ndimo maiti alimooshwa, maji ya josho la mwisho yakapita katika ufuo, yaani handaki dogo la sakafuni. Na mambo hayo yote yalihitaji maji ya karibu na sitara ya kutosha.

Tukitazame choo chenyewe. Si chumba kikubwa; sakafu yake ni ya chokaa iliyopigwa na kusuguliwa mpaka ikawa kama jiwe, nayo imeinamishwa kidogo ili maji yasitulie. Upande mmoja pana kijukwaa chenye tundu la choo. Upande wa pili pana birika lililojengwa hadi kiunoni, limepakwa niru, limejazwa maji ya kisimani, na juu ya ukingo wake imelazwa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Mwenye kuoga haingii birikani, na mtoto aliyediriki kutumbukiza mguu alikiona alichokitafuta. Huteka kwa kata akajimwagia, na maji yaliyomtoka hayarudi kuyagusa yale yaliyobaki. Katika sakafu ya birika limezamishwa bakuli la kaure, na ndani ya maji wamo samaki wadogo. Samaki ndio wala viluwiluwi vya mbu. Na bakuli ndiyo nyumba yao ya dharura, mahali pa kukimbilia siku ambayo maji yamepungua mno. Sijapata kuona katika duka lolote la vifaa vya ujenzi kitu kilichofikiriwa kwa hekima kama bakuli hilo, nalo halina hata skrubu moja.

Sababu ya yote hayo ni sheria ya tohara. Mtu ambaye hawezi kuswali bila ya udhu, wala kutoka katika janaba bila ya kuoga mwili mzima, na ambaye lazima ajisafishe kwa maji kila aendapo haja, hawezi kuweka choo mahali pamoja na maji mahali pengine. Ndiyo maana katika Kiswahili cha wazee maneno haya hayakupambanuliwa sana: chooni palikuwa pa kwenda haja na pa kuogea pia, msala ukawa jina jingine la adabu, na maliwato jina jingine tena. Neno bafu ni geni, lililokuja na Waingereza, na nilidhanialo ni kwamba lilipata nafasi katika lugha kwa sababu wao ndio waliotuletea mawazo ya kuvigawa vitu hivi viwili.

Lakini fundi wa zamani alikuwa na hofu nyingine isiyohusu tohara. Ukuta wa matumbawe ni kama sifongo, na dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vyote vya pwani, mita mbili na nusu hadi tatu, isizidi sana. Boriti kavu huishi miaka mia na zaidi. Boriti inayotonewa na maji kila siku huoza, na ikioza hushusha kila kilicho juu yake. Basi mafundi waliweka choo penye ukuta wa nje, na cha ghorofani wakakipandisha juu ya kile cha chini, ili maji yashuke moja kwa moja wala yasisafiri chini ya sakafu za vyumba vya watu.

Unguja ilikuwa na mambo yake. Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu huko Kidichi mwaka 1850, na kuba zake zikapambwa kwa nakshi za ndege na maua kwa mtindo wa Uajemi. Bintiye, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akahamia Ujerumani akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 hakusahau safu ya majumba ya kuogea ya Mtoni, ambamo watu walikaa saa nyingi, wakapumzika na kusali, si kuoga tu. Kisha Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, akajenga hamamu mjini kwa ajili ya watu wote wenye uwezo wa kulipa, na mtaa wenyewe ukaitwa Hamamni mpaka leo ijapokuwa moto wake umezimika zamani. Mimi naona kazi yake kubwa si hamamu hiyo, bali ni mfereji aliouvuta kutoka chemchem zilizo nje ya mji na kuwapa watu maji matamu bila malipo, katika mji ambao kipindupindu kiliuteketeza mwaka 1869 na 1870, na ambao visima vyake vilichimbwa jirani na vyoo na makaburi. Ndiyo sababu Mzanzibari huita bomba la maji mfereji hata likiwa jikoni kwake.

Habari ya kufua nguo ni nyingine. Choo kilikuwa na chumba chake, lakini katika nyumba ya mawe hapakuwa na chumba cha kufulia, kwa maana waliofua si wenye nyumba. Neno lenyewe linasema: kufua ni kupiga. Mhunzi hufua chuma, mkwezi hufua nazi, na mwenye nguo huzifua kwa kuzipiga juu ya jiwe. Na anayezifinyafinya taratibu kwa mikono, asizipige, huyo huchachaga. Kazi hiyo ya kupiga ilikuwa ya vijakazi, visimani na mitoni, mpaka utumwa ulipoondolewa Unguja kwa sheria mwaka 1897. Katika miji ilienea pia kazi ya dobi, ambaye jina lake ni la watu wa Bara Hindi walioirithi kazi hiyo baba kwa mwana: huchukua fungu la kanzu Jumamosi, huzitia buluu na wanga, huzipiga pasi ya makaa, na huzirudisha Alhamisi zimesimama kama karatasi, tayari kwa swala ya Ijumaa. Nyumba iliyokuwa na dobi haikuhitaji mahali pa kufulia, ilihitaji kamba tu.

Uani, basi, umetoka wapi? Umetoka katika nyumba ya udongo na makuti, ambayo ndiyo nyumba ya watu wengi siku zote, na ambayo haikuwa na ukuta wa kustahimili maji wala sakafu ya kuyazuia. Humo choo kilikuwa shimo nyuma ya nyumba, kimezungushiwa makuti, na kando yake pa kuogea palipotandazwa mawe. Miji ya karne ya 20 ilipopanuka, Ng'ambo ya Unguja, Kariakoo ya Dar es Salaam, Majengo ya Mombasa, ni nyumba hiyo iliyoongezeka: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo na bafu, kila kimoja na mlango wake, vikitumiwa na wapangaji wa vyumba vyote sita. Aliyekulia humo anajua foleni ya alfajiri, ndoo imeshikwa mkono, mswaki u mdomoni, na mtu wa ndani anakohoa ili ijulikane kuwa yumo. Humo ndimo na kufua kulikopata mahali pake: karo la saruji karibu na bomba, mche wa sabuni, mabeseni matatu, na mazungumzo ambayo mwanamume akipita huyakata. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yakajengwa majumba ya Michenzani kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, kila nyumba na choo chake ndani ya mlango wake, na jambo hilo likahesabiwa kuwa maendeleo. Wala halikukosa kuwa maendeleo, ila siku maji yasipopanda ghorofani, ndoo ilipanda ngazi kama zamani.

Shangazi yangu ana nyumba ya mawe aliyoirithi, ghorofa mbili. Miaka michache iliyopita wanawe walio ng'ambo walituma fedha ili atengenezewe bafu jipya karibu na kitanda chake, kwa kuwa magoti yake yamechoka na choo cha asili kiko upande wa pili wa nyumba. Fundi wa kwanza aliikubali kazi kwa haraka: alipiga ukuta wa matofali katikati ya chumba, akamwaga saruji juu ya sakafu ya chokaa, akabandika vigae, akapitisha bomba la maji machafu chini yake kwa mlalo wa mita nne. Mwaka wa pili dari ya chumba cha chini ilianza kutoa waa, kisha unga wa chokaa ukawa unaanguka juu ya kitanda cha mpangaji. Aliletwa fundi mzee. Alibandua kigae kimoja, akatia kidole ndani ya boriti, kidole kikazama hadi kifundo.

"Bibi," akasema, "huyu amejenga bafu juu ya kuni."

Boriti saba zilitolewa. Bafu likahamishiwa penye ukuta wa nje, juu ya choo cha kale, na sakafu yake ikapigwa kwa chokaa kwanza, mteremko ukapimwa kwa kumwaga kata ya maji na kungoja iende yenyewe. Choo cha kukaa kimewekwa, na bomba dogo la kustanjia kando yake. Maji ya moto hutoka. Birika la zamani, lililokuwa limekauka tangu enzi ya bibi yake, fundi alitaka kulivunja apate nafasi ya mashine ya kufulia, shangazi akakataa, hivyo mashine ikawekwa mbele ya birika. Wajukuu hufulia humo shuka na suruali zao. Kanga zake yeye huzichachaga mwenyewe kwa beseni, kwa kuwa mpya huchuja. Na mashine, isipotumika, hufunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa hulazwa kata.